Sauti ya Mama Mkwe Ndani ya Laptopu "Kama Mpya"

Mlioniacha wiki iliyopita nimeishika ile laptopu kwa kitambaa cha kuepulia sufuria, kwa jinsi ilivyokuwa ya moto, poleni kwa kungoja. Wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, vuta kiti nikupe kwa ufupi, ujue huyu mwanamke analia nini.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi. Laptopu yangu ya zamani ilikufa kifo cha ghafla, nikanunua nyingine, iliyotumika na kukarabatiwa. Aliyeniuzia ni fundi ambaye watu wote wanamwita Kamampya. Muulize kuhusu mashine yoyote iliyo mezani kwake, hata ile iliyong'oka vitufe, atakwambia, "Dada, hii ni kama mpya."

Mume wangu alinionya. "Usije ukauziwa mbuzi kwenye gunia," alisema. Nikamjibu kwa nyodo kwamba mimi si mtoto mdogo. Nilipofika nayo nyumbani nikamwambia ni mpya ya dukani, boksi nimelitupa.

Siku hiyo hiyo nikajua nimeliwa. Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga. Ukichomoa waya ukutani, inazima palepale, maana betri haikuwa betri tena. Chini ilikuwa na stika iliyoandikwa "imepimwa, ni nzima". Nikaibandua kwa kucha, nikakuta imefunika ufa.

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Wangu hakungoja baadaye. Alikuja siku ile ile akanikalia mapajani.

Kwa nini sikuirudisha? Kwa sababu nilikuwa nimeshaisifia! Niliisifia kwa mume wangu, nikaisifia kwa majirani, nikaisifia hata kwa mchumba wa wifi yangu, aliyekuwa anatafuta laptopu ya kazi zake. "Shemeji, nenda kwa Kamampya," nilimwambia, "useme umetumwa na mimi." Huu mdomo wangu ungefaa ushonwe kwa sindano ya magunia.

Sasa sikilizeni lililo kubwa.

Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, aliolewa hivi karibuni na huyo huyo shemeji. Mama mkwe wangu alimkataa yule bwana mwaka mzima. Mama na binti wakawa hawasemeshani. Mwishowe mama alikubali kwa kunyamaza tu, akaja harusini uso umekunjamana, akakaa kimya.

Ila asubuhi ya harusi, nikiwa peke yangu chumbani napiga picha za viatu vya bibi harusi, mama mkwe aliingia akafunga mlango.

"Washa hicho kidude chako," akaniambia.

Nikawasha kamera. Akaitazama kama anamtazama mtu.

"Mwanangu," akasema, "sijakuchukia hata siku moja. Nenda na baraka zangu zote. Ukipata shida, mlango wangu haujafungwa."

Nikadhani amemaliza. Kumbe bado. Akanigeukia mimi, akasahau kwamba kamera inakula kila neno.

"Unajua kwa nini nilimkataa, mkwe wangu? Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniomba. Alikaa mbele yangu, akasema, mama, naogopa ndoa, na siwezi kumwambia mwanao. Niambie wewe hapana. Nikasema hapana. Mwanangu akalia mwaka mzima, akaniita mchawi wa furaha yake. Halafu bwana akapata moyo, akarudi. Ningesema nini mimi?"

Nikaitupia jicho kamera.

"Hayo ya mwisho yakate," akasema, anajifuta macho. "Mpe yale ya mwanzo tu. Waache waishi. Mzigo nimeshaubeba, nitaumaliza mwenyewe."

Nikamwahidi. Kisha, siku chache baada ya harusi, mama mkwe akapigwa na kiharusi. Upande mmoja ukalala, sauti ikakatika. Tukamleta kwetu, yupo chumba cha nyuma.

Na ile video, jamani? Sheria ya kazi yetu ni moja: picha zilale nyumba mbili kabla hujafuta kadi ya kamera. Mimi nilizilaza nyumba moja, ndani ya laptopu ya Kamampya, halafu kadi nikaifuta niwahi harusi nyingine. Mpiga video mwenzangu unayesoma hapa, najua umeshika kichwa. Nami nimekishika.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa endelea nami.

Asubuhi ile wifi yangu alikuja kumwogesha mama yake, kama kawaida yake. Alipomaliza akaja kusimama jikoni, taulo bado liko begani.

"Wifi, ile zawadi uliyosema iko kwenye video yangu, iko wapi?"

"Naimalizia, mpenzi."

"Kila siku unaimalizia. Basi niambie tu, mama alisema nini."

"Alisema hajawahi kukuchukia. Akakupa baraka zake zote."

Akacheka, lakini macho yalikuwa yamejaa. "Una moyo mzuri, wifi. Hata angenilaani ungeniambia kanibariki."

"Haki ya Mungu alisema!"

"Mbona nikiingia anageukia ukuta?"

"Ni ugonjwa, umemvuta shingo."

"Wewe ukiingia anakutazama. Nimeona. Mimi hataki hata kuniona."

Nilijua kwa nini mama hamtazami binti yake. Mtu mwenye siri macho humsaliti, na yule mama alikuwa amebakiwa na macho tu.

"Daktari amesema sauti huenda isirudi," wifi akasema. "Sitaki kuambiwa, wifi. Nataka kumsikia mwenyewe. Nikija kumzika bila kumsikia, nitaishije mimi?"

Jamani, moyo wangu si jiwe.

"Kaa hapo hapo," nikamwambia. "Leo hutoki humu bila kumsikia mama yako."

Nikakimbilia chumbani kwangu, nikaiwasha laptopu, nikaitafuta ile sehemu. Nilitaka kukata tu mkia wake, kuanzia pale mama anaponigeukia. Kazi ya kufumba na kufumbua. Nikafika pale anapovuta pumzi. Nikanyoosha kidole.

Feni ikalia kwa nguvu, ikanyamaza. Kioo kikawa cheusi tii. Harufu ya plastiki ya kuungua ikanijaa puani.

Nikabonyeza kitufe cha kuwasha. Wapi! Nikabembeleza, nikatukana, nikaomba dua. Laptopu kimya, kama iliyokatazwa kuongea.

Nilipoinua uso, wifi alikuwa mlangoni.

"Ungesema tu tangu mwanzo kwamba hakuna kitu," akasema taratibu.

"Kipo, wifi! Ni mashine tu imezima!"

"Mashine mpya?"

Uongo wangu ukanirudia usoni kama mlango uliosukumwa na upepo. Akachukua mkoba wake akaondoka, hata kwaheri hakuaga.

Mume wangu naye, kusikia harufu, akaja mbio. "Mpya inaunguaje? Irudishe dukani walikokuuzia, si wana waranti?"

"Ndiko naenda," nikasema, nikamwacha na mama yake.

Kibanda cha Kamampya kiko katikati ya kinyozi na muuza vioo. Nilianza kufoka kabla sijafika.

"Kamampya! Umeniuzia maiti!"

"Dada, punguza sauti, kuna wateja."

"Wasikie! Jamani, tafuteni kwingine, huyu anafufua vitu vilivyokwisha kuzikwa!"

"Uliilaza juu ya godoro, dada? Mashine ikilazwa juu ya godoro haipumui."

"Hata ningeilaza juu ya barafu ingeungua!"

Wateja wakaanza kutoka mmoja mmoja. Hapo ndipo Kamampya alipolegea. Akafungua skrubu, akainamia ndani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Ubao wake umekufa. Lakini diski ni nzima. Vitu vyako vyote viko humu."

Kidogo nimkumbatie.

"Nakubadilishia mashine," akasema. "Hii diski yako naihamishia kwenye hii nyingine, unaenda nayo. Bila malipo, dada, ili usinichafulie jina."

"Na hiyo nyingine ikoje?"

Akafungua mdomo.

"Ukisema kama mpya nakupiga na kiatu."

Akaufunga.

Akaichomoa diski yangu, akaiweka kwenye sinia la bati lililokuwa pale mezani. Pembeni yake kulikuwa na diski nyingine. Kabla hajaanza kufunga, umeme ukakatika. Akatoka kwenda kwa kinyozi kuazima tochi.

Hapa ndipo nilipojimaliza. Nikauweka mkoba wangu mezani ili nipumzishe bega, ukasukuma sinia. Diski zote mbili chini, pa!

Nikaziokota upesi. Nikazipangusa vumbi kwa ncha ya mtandio wangu. Zilifanana kama mapacha. Nilikumbuka kwamba moja ilikuwa imelala chali na nyingine kifudifudi, basi nikazirudisha hivyo hivyo, moja chali, moja kifudifudi, nikajiona nimeweka kila kitu mahali pake. Kamampya aliporudi sikumwambia. Niliogopa atasema nimeivunja mwenyewe, akatae kunibadilishia.

Akafunga kwa mwanga wa tochi, mashine mbili. "Hii yako. Hii ya mteja mwingine, ameshalipa, anakuja kuichukua sasa hivi."

"Hatuijaribu kwanza?"

"Umeme hakuna, na betri zote kavu. Kaichaji nyumbani."

Nikaondoka natembea kama bibi harusi. Kwa mara ya kwanza tangu ninunue balaa lile, nilipumua mpaka tumboni. Nilijiambia nitakata ule mkia, nimpigie wifi, tulie wote mpaka tuchoke.

Nyumbani umeme ulikuwepo. Nikachomeka, nikawasha. Iliwaka vizuri, hata kelele haikupiga. Kioo kikaandika: "Karibu. Chagua lugha."

Nikakodoa macho. Nikatafuta harusi ya wifi. Hakuna. Nikatafuta harusi yoyote. Hakuna hata picha ya paka. Diski ilikuwa nyeupe pe!

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka tu mume wangu akiniuliza, "Na sasa wapi tena?" na mimi nimeshafika barabarani.

"Kamampya! Diski yangu!"

"Nimekuwekea yako, dada. Kila iliyosafishwa naiweka kifudifudi. Yenye vitu vya watu naiweka chali. Nimekuwekea ile ya chali."

Nikakalia ndoo iliyokuwa pale.

"Ndio mtindo wangu tangu nianze kazi," akaendelea. "Sijawahi kukosea hata mara moja."

"Zilianguka..." nikaanza, nikajirekebisha. "Niliziangusha mimi. Nikazirudisha mwenyewe."

Kamampya akanitazama. Afadhali angenitukana.

"Ile nyingine iko wapi?"

"Imeshachukuliwa."

"Na nani?"

"Si shemeji yako! Yule aliyesema ametumwa na wewe. Na kwa kuwa katumwa na wewe nimemwekea na betri mpya. Mpya kweli, dada, si kama..."

Sikumsubiri amalize. Masikioni nilibaki na neno moja tu, shemeji. Diski ilikuwa mikononi mwa mtu yule yule aliyetajwa kwenye ule mkia! Akiiona ataifuta, na wifi hatamsikia mama yake maisha. Asipoifuta, mkewe ataisikia yote. Huku moto, huku maji ya moto.

Nikampigia simu. Inaita, haipokelewi. Nikapiga tena njiani, mtandio begani, watu wananipisha wakidhani nimefiwa. Sikuwa mbali sana na kufiwa.

Nilimkuta shemeji anafunga mlango wa nyumba yake, anatabasamu mpaka jino la mwisho.

"Shemeji yangu! Nilikuwa nakuja kwenu. Mungu ni mkubwa!"

"Laptopu iko wapi?"

"Ndiyo nakueleza. Nimeiwasha, nakuta jina lako, nakuta harusi yetu nzima! Mke wangu akapiga kelele. Akasema, basi wifi hakunidanganya, ile zawadi itakuwa humu humu. Kaichukua na waya wake kakimbilia kwenu, anasema akiipata ataisikilizia kando ya kitanda cha mama."

"Wewe umeangalia?"

"Wapi! Hata nafasi sikupewa." Akacheka. "Mbona unatetemeka? Kwani humo kuna nini?"

Nifungue mdomo niseme nini? Kwamba humo umo wewe? Nikageuka, nikaanza kurudi nilikotoka, nusu natembea nusu nakimbia. Akanifuata nyuma akihema na kuuliza maswali.

Tukafika. Mlango wa mbele ulikuwa wazi. Mume wangu, alipoona mdogo wake amekuja kukaa na mama, alikuwa ametoka kwenda kutafuta dawa.

Nikaingia sebuleni, nikasimama kama niliyechomwa mwiba.

Mama mkwe alikuwa anaongea.

Sauti yake ile ile, nzima, yenye ukali wa kupenda. "Ukipata shida, mlango wangu haujafungwa." Naapa kwenu, kwa muda wa kupepesa jicho niliamini amepona.

"Mama anaongea!" shemeji akasema nyuma yangu. Machozi yalimtoka hapo hapo, mtu mzima yule. "Shemeji, mama anaongea!"

Kisha nikakumbuka, na furaha ikageuka tope.

Nikasukuma mlango wa chumba cha nyuma. Wifi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, laptopu iko juu ya kigoda, waya wake umechomekwa kwenye soketi ya ukutani hapo karibu na mlango. Uso wake umelowa chapachapa, na anacheka.

"Wifi, nisamehe! Nilikuona mwongo. Kumbe kweli alinibariki! Nimeirudia sehemu hii mpaka nimeikariri. Sasa nataka nimwangalie mpaka mwisho."

"Imeishia hapo, wifi," nikasema. "Mengine ni mimi napima kamera tu. Izime, mashine isije ikaungua tena."

"Haijaisha. Bado yupo kwenye picha. Tazama, anakugeukia wewe."

Nikamtazama mama mkwe, yule wa kitandani. Leo hakuwa amegeukia ukuta. Alikuwa ananitazama mimi. Mkono wake mzima ulikuwa unapiga godoro, polepole, tena na tena. Hana sauti, lakini nilimsikia kuliko nilivyowahi kumsikia mtu yeyote. Nilimwahidi. Kata.

Nikapiga hatua kuifuata laptopu. Wifi akaikingia kwa mwili wake wote.

"Usiguse! Mwaka mzima sikumpa mama nafasi ya kumaliza kusema. Leo anamaliza. Usinikatie mama yangu, wifi, nakuomba kwa jina la Mungu."

Mmoja ananiambia kata, mwingine ananiambia usikate, na wote wawili nawapenda. Machozi yakaanza kunitoka.

Kwenye kioo, mama mkwe akavuta pumzi.

"Unajua kwa nini nilimkataa, mkwe wangu?"

Nyuma yangu nikasikia shemeji akiacha kulia. Sikuhitaji kugeuka. Alijua kinachofuata, na alikijua kuliko mimi.

Swichi ya soketi ilikuwa karibu na mkono wangu. Nikaikumbuka ile laptopu yangu iliyoungua, jinsi ilivyokuwa ukiichomoa ukutani inazima palepale. Kwa mara ya kwanza niliushukuru ubovu wa vitu vya Kamampya. Nilijiambia wifi ataona umeme tu umekatika, halafu nitapata pa kuanzia.

Nikabonyeza.

Kioo kikafifia. Nikapumua.

Kilififia kidogo tu, basi, kikabaki kinawaka. Hapo ndipo maneno ya Kamampya yaliponirudia, yale ambayo sikuyasubiri yaishe. Betri mpya. Mpya kweli.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuniomba," mama mkwe akaendelea, kwa ile sauti yake nzima. "Alikaa mbele yangu, akasema, mama, naogopa ndoa, na siwezi kumwambia mwanao."

Kitandani, mkono ukaacha kupiga godoro.

Wifi yangu akageuza shingo taratibu. Aliiona swichi, akauona mkono wangu bado uko pale juu yake. Kisha akapitisha macho juu ya bega langu, akayatua mlangoni, alipokuwa amesimama mume wake.